Kitenge cha Leodgar na Kombe la Wapagazi

Jumapili, 6 Julai 2025

Tumeshinda tena. Wapagazi, timu yetu ya besiboli ya hapa Ng'ambo, wamewapiga wale wa Choma mpaka nikawahurumia. Tangu nizaliwe sijaona timu ya namna hii. Vijana wanakimbia kama treni inawaacha. Mwanangu Leodgar ndiye mrushaji, akirusha mpira mwenye fimbo anapiga upepo. Bado nusu fainali na fainali, kombe la kanda lije kwetu kwa mara ya kwanza na vijana waende taifa, Dar es Salaam. Leodgar analitaka mpaka chakula hakipiti. Asipokula yeye, silali mimi.

Besiboli nimeielewa kwa njia yangu. Mtu anapiga mpira, anakimbia vituo vitatu, anarudi alipoanzia. Nimevipa majina ya stesheni: Tura, Goweko, Igalula, halafu Tabora, nyumbani. Akifika Tabora salama, pointi. Akiguswa na mpira akiwa njiani, ametoka.

Kasoro ni moja tu. Abasi, mtoto wa jirani yangu Batuli. Yeye anapiga fimbo wa kwanza, mpira unavuka ukuta, watu wanamwimba. Anapiga vizuri, siwezi kukataa. Leo Batuli kaniuliza mbele ya watu, eti mama Leo, na wa kwako alicheza?

Lazima nifanye kitu.

Jumatano, 9 Julai

Kocha Ezekia, mstaafu wa reli, ndiye anayepanga nani apige fimbo lini. Nimempelekea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, nimeviunga kwa karanga. Mtu akishakula kwako aibu inamshika. Na Mnyamwezi gani anakataa matobolwa?

Kala yote. Kasema yanamkumbusha marehemu mama yake, machozi yakamlenga. Nikaona mambo yameiva. Nikaingiza neno la Leodgar kupiga wa kwanza. Akafuta mdomo, akasema mrushaji anapumzisha mkono, Leodgar atapiga wa mwisho kama kawaida.

Kutoka tu, nikakutana na Batuli mlangoni, kabeba maandazi.

Jumamosi, 12 Julai

Nusu fainali, sisi na Sikonge. Niliamka na wazo zuri. Nikapaka asali ndani ya glavu ya Leodgar. Kidogo tu. Asali yetu inajulikana, ikinasa imenasa. Nikawaza mpira ukiingia hautoki.

Haukutoka. Aliudaka vizuri ajabu, uwanja mzima ukasimama. Ikabidi sasa aurushe Tura, maana kijana wa Sikonge alikuwa anakimbilia huko. Leodgar akavuta mpira. Akavuta tena. Mwishowe akakimbia mwenyewe na glavu yake mpaka Tura, akamgusa yule kijana nayo. Mwamuzi akasema ametoka. Nikamshukuru Mungu.

Halafu nyuki wakaja.

Timu zote mbili zililala kifudifudi, na mwamuzi pia. Abasi peke yake ndiye aliyevua shati akamfunika Leodgar kichwa. Nimeliona hilo. Jioni nimemtaja kwenye rozari, ingawa mwishoni.

Tumeshinda. Leodgar amebakiwa na jicho moja, la pili limevimba. Kaniangalia kwa hilo hilo moja. "Mama, siku ya fainali, kaa. Wewe kaa tu."

Nimeahidi.

Alhamisi, 17 Julai

Jicho limefunguka. Batuli kaniletea barafu kila siku, bila kuombwa. Leo tumekaa ukumbini kwangu, akanikiri kwamba hata yeye halali. Abasi anaota anakosa mpira, anapiga ukuta kwa ngumi. Kumbe. Nikamwambia mwenzangu, tukae pamoja fainali. Akakubali, akasema lakini usiniletee nyuki.

Nimenunua kitenge kipya, chekundu. Kwetu mtu wako akicheza vizuri unaingia kati unamvika, iwe ngoma iwe harusi. Usipomtunza, watu watasema hana mama. Huku siyo kuingilia mchezo. Ni adabu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekaa muda mrefu kuliko misa ya Pasaka. Tulicheza na Urambo, na Urambo si watoto. Mdaka mpira wao anayelinda Tabora, Nizigiyimana, ni mkubwa kama ghala la tumbaku, na mpole. Tulikuwa tano kwa tano, zamu yetu ya mwisho, Leodgar kashika fimbo.

Upepo. Upepo tena. Mara ya tatu akaupata, mpira ukaenda mpaka ukutani. Akapita Tura. Akapita Goweko. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka Igalula, na kitenge kimefunguka mkononi kama bendera. Nilimvika kati ya Igalula na Tabora, nikafunga fundo, nikapiga kigelegele. Alikuwa anasema kitu lakini kitenge kilimziba mdomo.

Nizigiyimana akaja na mpira, taratibu. Akaniambia shikamoo mama. Akamgusa mwanangu begani.

Nikaitika marahaba.

Mwamuzi kasema ametoka. Ikatubakia nafasi moja. Nikarudi kukaa. Batuli hakunisema. Alifunga ncha ya kanga yake na ya kwangu, akasema, "Sasa hutoki hapa mpaka niseme."

Baada ya wa mwisho hurudi wa kwanza. Abasi. Batuli akafumba macho, mimi nikaangalia kwa niaba yake. Mpira ulivuka ukuta, ukavuka na barabara. Nilipiga kelele kumzidi mama yake mzazi. Leodgar alimngoja Tabora, akavua kitenge shingoni, akamvika Abasi. Sita kwa tano. Nimelia mpaka kanga ya Batuli imelowa.

Kombe liko Ng'ambo. Timu ya namna hii sitaiona tena.

Alhamisi, 24 Julai

Kesho treni. Kocha kasema wazazi wote wanakaribishwa isipokuwa mmoja. Hakutaja jina, aliniangalia tu, matobolwa mdomoni. Leodgar ndiye aliyeniombea. Kasema mama asipokuja nani atanilazimisha kula? Aje, ila akae kafungwa na mama Abasi.

Nimekubali. Nimekosea, nimefundishika. Nimemfuata na mwamuzi nyumbani kwake anieleze sheria polepole. Mtu wa nje asimguse mkimbiaji wake. Nimeelewa. Simgusi Leodgar. Simgusi Abasi.

Mdaka mpira wa wale wa Dar hakumtaja kabisa.

Na yeye ni mtoto wa watu, anastahili kutunzwa. Nimepakia kitenge kipana, kinafunika mpaka magoti. Batuli kasema atashika mikono, mimi nifunge fundo. Tukishafungwa kanga pamoja, tutakimbia pamoja.