Mashine Kubwa kwa Mzee wa Kwanza

Jumatatu, 8 Julai 2024. Kilole, Korogwe.
Mwaka wa thelathini na tisa tangu nitoke Handeni. Kiwanja cha marehemu mama bado kiko kule: msingi wa nyumba na mkwaju. Watu wanakiita mahame. Jumamosi wakulima na wafugaji watakutana kuamua njia ya ng'ombe. Ikram, mpima ardhi, amepiga eneo lote picha kwa droni, maelfu ya picha za kuunganishwa ziwe ramani. Ramani ikiwahi, kiwanja chetu kitaonekana, njia ipite kando. Isipowahi, wataamua kwa macho, na macho hayaoni mtu pale. Kompyuta ya Ikram peke yake itazitafuna picha hizo wiki mbili.
Dawa nimeisoma: gridi. Kompyuta zilizotawanyika huunganishwa kwa intaneti, kazi kubwa ikakatwa vipande, kila mashine ikapewa kinacholingana na nguvu zake. Korogwe imejaa kompyuta zinazosinzia.

Jumanne, 9 Julai.
Nimepata tatu. Kubwa ni ya Kasmiri, Msambaa wa Kwashemshi, mwenye duka la kuchapa. Ya kati iko ofisi ya shamba la mkonge Ngombezi. Ya Mwalimu Rhoda, jirani yangu, inahema kama punda mgonjwa. Kasmiri ana sharti: wateja wake nao waingie kwenye foleni. Akaongeza kwamba Mzigua akipewa kompyuta huiuliza kwanza ni ya ukoo gani. Utani wao kwetu Wazigua nimeuzoea. Foleni napanga mimi.

Jumatano, 10 Julai.
Ikram kaniamkia vizuri, kaeleza: picha ziende mashine kubwa, barua na kadi ziende ndogo. Nimesema naelewa.
Hajafika mbali, Mzee Kibwana kaingia dukani kwa Kasmiri kutaka kadi za harusi ya mjukuu wake. Nimpeleke kwa punda wa Rhoda, mbele za watu? Nimempa kubwa. Kachagua maua. Kabadilisha maua. Picha zimekwenda kwa Rhoda, maana Ikram ni mtoto.

Alhamisi, 11 Julai.
Bibi Tatu kaleta video ya maulidi, anataka ifupishwe. Kibwana alizaliwa nyuma yake. Nikamtoa Kibwana. Kibwana kanuna. Ngombezi wamezima kompyuta walipotoka kazini, vipande vyao vimeanza upya. Ikram kapiga simu: mzee wangu, ramani imefika wapi? Nikasema inakwenda kwa heshima.

Ijumaa, 12 Julai.
Kasmiri kajitolea mwenyewe. Wateja wasubiri, mashine yake yote ifanye ramani hadi kesho. Kasema kiwanja cha mama si jambo la mzaha. Nilitaka kukubali. Lakini Kibwana nilishamwahidi zamu baada ya swala, nimtulize. Kachagua maua hadi magharibi.

Jumamosi, 13 Julai.
Nimebaki kuchunga mashine. Mpwa wangu Muhsin kanisimulia mkutano kwa simu. Ramani ilifika nusu. Upande wetu mweupe, kama haujaumbwa. Mzee Parit wa wafugaji akasema basi twendeni tukaone kwa miguu. Wakaenda wote. Parit kasimama juu ya msingi, kauliza hapa ni kwa nani. Muhsin kajibu, kwa mjomba, yuko Korogwe anashughulika na kompyuta. Parit kasema, haya, ng'ombe watapita taratibu.

Jumapili, 14 Julai.
Muhsin kapiga tena: mjomba, rudi, tutakutafutia kipande kingine. Nimeshukuru.
Kosa nimelitafakari. Ni dogo: mashine kubwa moja, wazee wawili. Nimemwomba Kasmiri anunue ya pili, Kibwana awe na yake na Bibi Tatu yake. Watoto waendelee kwa Rhoda. Kasmiri kacheka mpaka kakaa chini, halafu kanimiminia chai.
Kiwanja sasa ni njia. Handeni sitarudi.