Namna ya Kufa Vizuri Mbele ya Kamera

Jumatatu, 4 Machi 1912

Nimeporomoka ngazini tena. Kichwa chini, miguu juu, unga usoni, chupi nje! Mji mzima wa Torino unanijua kwa jina la Pasticcia, yule mnene wa vichekesho. Jina langu halisi, Ersilia Bonfante, hata muuza maziwa halijui. Mama kule Asti amewaambia majirani kwamba nashona nguo. Inauma.

Lakini Mzee Gavotti, mwenye studio ya filamu, anatafuta malkia. Malkia wa kufa kwa kifua kikuu, kitandani, taratibu, bila ngazi! Majaribio ni keshokutwa. Mkataba wangu wa vichekesho unaisha Jumamosi. Nikipata umalkia, kwaheri unga. Nikiukosa, miaka mitatu mingine ya kuporomoka, na goti langu limeshaanza kulia kama mlango.

Kikwazo ni Clelia Revelli. Huyo hulia machozi ya kweli wakati wowote atakao. Husema mwenye wivu ajinyonge, huku ananitazama mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemchungulia Clelia akijipodoa. Makubwa! Midomo kaipaka njano, uso kama mgonjwa wa nyongo. Nikamuuliza, vipi shoga, unaumwa? Akajibu kwamba kamera ina macho yake. Majivuno matupu! Mimi miaka yote napakwa unga tu, lakini uzuri naujua: ni damu mashavuni. Nimenunua rangi ya Paris, nyekundu kama nyanya.

Pia nimemwambia kwamba majaribio yamehamishiwa Moncalieri, kando ya mto. Kanishukuru, kanibusu. Maskini!

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Clelia yuko Moncalieri. Mimi nimekufa!

Nimekufa vizuri mno. Nilikohoa, nikamsamehe mfalme, nikakata roho pole pole. Seremala mmoja alijifuta macho. Baldo, mpiga picha, ndiye alitaka kuniharibia. Eti dada, una hakika na huo wekundu? Nikamwambia ashike mpini wa kamera yake azungushe.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kutazama picha. Taa zikazimwa. Malkia akatokea.

Ana ndevu!

Kumbe filamu haiujui wekundu. Kila chekundu hutoka cheusi tititi. Mashavu masizi, mdomo shimo. Kila nilipokohoa, nilionekana jini anayetafuna makaa. Mzee Gavotti alicheka mpaka akateleza kitini. "Mbavu sina! Binti, umeniua!"

Clelia naye alicheka, kisha akakohoa. Kikohozi cha kweli, kizito, alichokiokota Moncalieri kwenye mvua. Mzee akageuka. Akamwomba akohoe tena. Akakohoa. Akapewa umalkia pale pale.

Nilitoka nje nikalia. Machozi ya kweli, na hapakuwa na kamera.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetia sahihi. Miaka mitatu. Goti langu linisamehe. Mzee anasema malkia mwenye ndevu ataonyeshwa kila mji, Asti ikiwemo. Asti! Basi mama ataona nashona nguo gani.

Clelia amepita kunishukuru kwa ajili ya Moncalieri. Sijui alikuwa ananicheka au vipi. Nilimtakia apone upesi, na nilimaanisha: apone kabla hawajaanza kupiga picha.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kanisani, padri akihubiri juu ya unyenyekevu. Mahubiri marefu, yamenisaidia sana. Kosa nimeliona: rangi ilikuwa kidogo! Nilipaka mashavu na midomo tu, ndiyo maana zikaonekana ndevu. Ningepaka uso mzima, nani angeona tofauti? Baldo anasema ningetoka mweusi kama sufuria. Baldo ana wivu.

Mzee anakusudia kutengeneza picha ya mtakatifu aliyechomwa moto. Nimeshamnong'oneza Clelia kwamba wanamtaka mwanamke mnene. Nafasi hiyo ni yangu. Chupa mbili za rangi nimeshaagiza.

Nani atathubutu kumcheka mtakatifu?