Mshauri Mkuu wa Gari Jekundu

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mpwa wangu kanunua gari. Na si gari hivi hivi. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, paa lake halinifiki kifuani. Limetumika, ndiyo, limeshapita mikononi mwa watu watatu. Lakini nani kati yetu hajatumika? Alilileta jioni hadi mlangoni pa karakana yangu. Nilikuwa navisha kochi la mteja. Nikaacha nyundo, nikaacha kochi, nikatoka mbio na misumari bado mdomoni.

Kijana ni karani wa stoo ya dawa. Hajawahi kumiliki hata baiskeli. Akasema, Mjomba, hata sijui pa kuanzia. Nikatema misumari nikamwambia umeshaanza, si umekuja kwangu? Kuanzia leo mimi ni mshauri mkuu. Sina gari, wala sijawahi kuwa nalo, na ndiyo maana macho yangu hayana upendeleo.

Tatizo ni dada yangu, mama yake. Dada ni muuguzi mkuu wa wodi, akisema neno limekwisha. Ameshaongea na muuzaji, na muuzaji amekubali kulipokea tena gari likirudishwa hadi Jumapili. Siku hiyo kijana atampeleka mama yake kwa shoga yake ng'ambo ya mji na kumrudisha. Akirudi mgongo mzima na moyo mtulivu, gari linabaki. Akilalamika, linarudi kwa muuzaji siku hiyohiyo. Kijana alinisimulia haya huku anapapasa boneti. Roho iliniuma. Nikaapa moyoni: gari hili haliendi popote.

Kisha akatokea jirani yangu, Breki. Alifundisha udereva miaka mingi, amestaafu, na hadi leo akitembea barabarani mguu wa kulia unakanyaga breki ya hewani. Hakuna aliyemwita. Akamshauri kijana abadilishe oili, akague matairi, kisha kwa miezi mitatu asiongeze kitu wala asitoe kitu. Alizoee gari kwanza kama lilivyo. Ushauri wa kustaafu kabisa! Mtu ambaye maisha yake yote kaendesha gari akiwa kwenye kiti cha abiria, atajua nini kuhusu spoti?

Jumanne, 5 Machi

Ushauri wangu wa kwanza: kizuri hakifichwi. Nilimwambia kijana anipitishe barabara ya maduka, polepole, vioo chini. Raha iliyoje! Watu waligeuka. Muuza vitambaa, yule anayenipimia mita pungufu kila mwezi, aliacha mkasi hewani. Nikampungia mkono kwa vidole viwili tu. Kijana alikuwa anacheka peke yake huku anabadilisha gia. Sijawahi kumwona hivyo tangu alipokuwa mtoto.

Kushuka ndiyo ilikuwa kazi. Kiti kiko chini mno. Nilitanguliza mguu, ukakataa. Nikatanguliza kichwa, kikakubali, lakini mwili ukabaki ndani. Mwishowe nilitoka kwa magoti mbele ya karakana yangu mwenyewe. Breki alikuwa ameegemea ukuta wake anakula karanga. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Lakini nilipokuwa pale chini, akili ikafunguka. Sponji ya kile kiti imekufa. Nilihisi kila kokoto ya barabara kwa makalio yangu, moja baada ya nyingine. Na Jumapili nani atakaa pale? Dada. Dada mwenye mgongo wa kusimama wodini miaka yote hii! Kumbe siri haimo kwenye injini. Siri imo kwenye kiti, na viti ndiyo kazi yangu tangu ujana. Mteja akikaa vizuri halalamikii miguu ya kochi. Nitavivisha viti vile upya, Dada ataketi, atapumua, na gari litabaki.

Kijana alisita kidogo. Alisema Breki amemwambia asiguse viti. Nikamuuliza Breki ni nani kwako, jirani wa mjomba tu. Damu nzito kuliko maji. Akanipa ufunguo.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya kazi tangu asubuhi, sijahisi njaa. Viti nimevitoa vyote viwili. Sponji ya zamani nimeing'oa na kuikatakata, nimejazia mito ya mteja mmoja asiyechagua. Mahali pake nimeweka ile ngumu, bora kuliko zote, ninayowawekea watu wazito. Unene wa shibiri nzima. Juu yake mahameli ya zambarau. Vifungo mgongoni. Marinda pembeni. Nimeimba kutwa nzima, hadi mwenye duka la jirani akaomba nipunguze sauti.

Breki alichungulia. Akaona mabaki ya sponji ya zamani sakafuni akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu mbachao wenyewe ulikuwa umetoboka. Aliondoka zake. Moja kwa bila!

Mke wangu alileta chai akasimama kuangalia. Akauliza kama nimepima paa. Nikamuuliza paa gani. Akasema la gari. Nimevisha makochi zaidi ya nywele za kichwa changu na hakuna hata siku moja niliyopima kitu cha juu. Kochi halina paa. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akachukua kikombe chake akaenda zake.

Alhamisi, 7 Machi

Viti vimeingia. Vilikataa mlango wa kushoto, vikakubali wa kulia baada ya kusukumwa kwa goti. Gari lilipendeza jamani! Nje jekundu, ndani zambarau. Nililizunguka mara nyingi nikijipongeza.

Kijana alikuja baada ya kazi akaliona, akaziba mdomo. Nikadhani ni furaha. Akaingia. Yaani, mwili uliingia. Kichwa kilifika kwenye paa kabla makalio hayajafika kwenye kiti, na ilibidi kikae upande, sikio juu ya bega. Akanitazama akiwa vile. Halafu akanyoosha mguu kutafuta klachi. Mguu ukaning'inia. Akasema kwa sauti ndogo, Mjomba, sigusi chini.

Nilimwambia sponji mpya ndivyo ilivyo, itazama. Breki alikuwa ameshafika, sijui ananusa. Akachungulia dirishani, akamtazama kijana, akaniuliza shingo ya mteja nimepanga kuiuza kando au inakuja na kiti.

Kijana aliuliza kama naweza kurudisha sponji ya zamani. Sikumwambia habari ya mito. Nilimwambia mbele kwa mbele. Akakaa kwenye kizingiti cha karakana, kidevu mikononi, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaona anafikiria kurudisha gari. Hapana! Nina mpango. Nimeazima mifuko ya saruji kwa wajenzi wa nyumba ya pili, nimeipakia juu ya viti. Hadi kesho sponji itakuwa imekubali yaishe.

Ijumaa, 8 Machi

Sponji haijakubali. Nilishusha mifuko asubuhi na mbele ya macho yangu ikainuka tena, polepole, hadi palepale ilipokuwa. Nilitaka kulia, lakini nakiri pia nilijivunia. Hiyo ndiyo sponji ninayowauzia watu! Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Mahameli upande wa abiria sasa ni ya zambarau na kijivu. Nimekung'uta, nimepiga brashi. Kadiri ninavyopiga ndivyo inavyozidi kuingia ndani.

Nikapata wazo kubwa zaidi. Kama tatizo ni paa, basi paa lenyewe liondoke. Matajiri si wanayanunua yasiyo na paa? Nilichukua chaki yangu ya kukatia vitambaa, nikachora mstari mzuri kuzunguka paa lote. Nilikuwa naenda kuazima msumeno wa chuma kijana alipotokea. Akaona chaki. Alitoa ufunguo wa gari mlangoni, akautia mfukoni, akafunga zipu.

Dada alinipigia simu mchana. Anataka kujua kwa nini mwanawe ameshinda kazini akiwa ameinamisha shingo upande. Nikamwambia kijana ana mawazo. Akasema yeye pia ameanza kuwa nayo.

Jumamosi, 9 Machi

Wazo jipya, na hili halina dosari. Kama viti haviwezi kupungua juu, vipungue chini. Chini ya kila kiti kuna reli za chuma ambazo hazina kazi isipokuwa kukipeleka kiti mbele na nyuma. Kochi gani linakwenda mbele na nyuma? Toa reli, funga kiti sakafuni moja kwa moja, kwisha habari.

Kijana alisema atakubali kwa sharti moja: kiti cha dereva akifunge Breki. Liliniuma. Lakini kesho ni Jumapili, na mwenye shida hachagui. Breki akaja na spana zake, akafunga kiti cha dereva kwa bolti nene, akakitikisa, akakitikisa tena. Kijana akaingia. Shingo imenyooka! Mguu unafika kwenye klachi! Alipiga honi kwa furaha, nami nikapiga makofi, na hata Breki midomo ilimchezacheza.

Kisha Breki akageukia kiti cha abiria. Nikamwambia asante, hicho ni changu. Sitaki Dada apone kwa mkono wa jirani. Nilikifunga mwenyewe kwa skurubu zangu za mbao, zilezile ninazofungia miguu ya makochi, na hakuna mguu wa kochi langu ulioanguka hadi leo. Breki aliuliza kama nina uhakika. Nilimwonyesha mlango.

Kesho, kesho! Nimeshapiga pasi shati.

Jumapili, 10 Machi

Niandike haraka, bado mwili mzima unanisisimka.

Dada alifika asubuhi amevaa gauni jeupe la kutokea. Akatazama gari, akatazama mstari wa chaki juu ya paa. Nikamwambia ni mapambo. Akaketi. Akajisogeza. Akabonyeza mahameli kwa kiganja, akasema, na hapa nanukuu neno kwa neno, kwamba kumbe pamekaa vizuri. Kijana alinikonyeza. Nilikaribia kupaa.

Kijana akawasha injini. Kwa furaha aliyokuwa nayo akaachia klachi ghafla. Gari likaruka mbele. Kiti cha dereva kikaenda na gari. Kiti cha abiria kikabaki nyuma kidogo, kikalala chali, na Dada akalala nacho. Kitu cha mwisho nilichoona wakikata kona ni viatu viwili vyeupe dirishani.

Hawakufika kwa shoga. Walirudi taratibu, Dada bado amelala, maana kiti hakikukubali kuinuka. Tulimtoa mimi na Breki, kila mmoja kwapa moja. Mgongo wa gauni ulikuwa kijivu kutoka shingoni hadi chini. Hakupaza sauti. Aliongea ile sauti anayotumia kumwambia mgonjwa kwamba sindano haiumi. Akasema gari linarudi kwa muuzaji, sasa hivi.

Kijana aliendesha peke yake, macho mekundu. Sisi tukafuata kwa gari la Breki, Dada mbele, mimi nyuma. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote duniani, na kwa kuwa hii ni shajara yangu nitasema ukweli: hali hiyo ilidumu hadi mataa ya pili.

Muuzaji akafungua mlango wa gari. Akaufunga. Akaufungua tena. Akaingiza kichwa, akashika rinda moja kwa vidole viwili. Akamwambia Dada samahani sana mama, makubaliano yalikuwa gari lirudi kama lilivyoondoka. Yeye anauza magari, sebule hapokei. Dada akaeleza, akasisitiza, akataja cheo chake. Muuzaji akaonyesha vifungo. Hapokei, hapokei, hapokei.

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Gari halina pa kurudi. Gari ni lake! Na nani aliyefanya lisiweze kurudi? Breki na oili yake? Ni mimi, kwa sponji yangu na mikono yangu!

Nilimkumbusha Dada jambo hilo tukiwa njiani. Akamwomba Breki asimamishe gari, nami nikarudi nyumbani kwa miguu. Mwendo mzuri tu, nilipiga mluzi njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Kijana alinijia karakana asubuhi kabla ya kazi. Akanikumbatia kwa nguvu. Alisema mama yake ameamua gari libaki, ila mimi nisilisogelee karibu kuliko urefu wa chumba. Jana jioni Breki alimpatia viti vya gari kama hilo kwa wauza vyuma chakavu, wakavifunga wawili usiku huohuo. Vya zambarau wameviacha mlangoni kwangu. Nilimwambia ushauri wangu unaendelea, tena bure. Akacheka, akawasha gari, akaondoka.

Na hapo ndipo niliposikia. Injini yake ina kelele! Inanguruma hata ikiwa imesimama. Mtoto wa watu atampakia vipi mchumba na makelele yale? Dada atazungumza vipi na shoga yake kwenye simu? Breki hajaligusa hili, wala hawezi, maana linahitaji mtu anayejua kuziba sauti. Makochi yangu yote hayalii kwa sababu nayajaza vizuri.

Kijana sasa atakuwa analilaza gari uani kwa Breki, maana kwa mama yake hakuna pa kuliegesha, na boneti haina kufuli. Nitaingia kwa nyuma, nifungue, nijaze kila upenyo kuzunguka injini, nifunge, niondoke. Atashangaa utulivu wake! Pamba ninayo magunia mawili. Nimeianika juani tangu asubuhi, sasa imekauka kabisa.