Maji ya Waridi Mbele ya Askari

Jamani, sogeeni niwaambie mwenyewe, kabla wifi yangu Mwanahawa hajawafikia. Leo nimeaibika mpaka basi. Nimevuliwa nguo barabarani mchana kweupe, na nguo zote zikiwa mwilini.

Mnajua harusi ya Salima, binti wa kaka yangu, ni kesho hapa Kibiti. Mnajua pia kwamba katika ukoo wetu mwenye mrashi ni mimi. Nani huwanyunyizia wageni marashi ya waridi kwa chupa hiyo? Mimi, Bi Tatu wa Ruaruke. Nani husema, "Pokea, haya yametoka Maskati"? Mimi. (Na huwa nafumba macho kidogo nikisema. Mmeniona.)

Basi asubuhi tukatoka Ruaruke, mimi na Mwanahawa, mke wa kaka yangu mwingine, na wanawake wengine watatu. Mrashi nimeufunga kiunoni, chini ya kanga, maana njia siku hizi haina usalama. Tangu vita hivi vianze huko Umatumbi, askari wa Wadachi, hao Wajerumani, wakimkuta mtu na kibuyu wanamkamata. Wanadhani amebeba ile dawa, yale maji ambayo watu wanajinyunyizia ili risasi zisiwaingie. Nilijua. Kila mtu anajua. Lakini nikajiambia, mrashi si kibuyu. (Akili hiyo!)

Tulipokaribia Kibiti tukakuta askari watano wamekaa njiani. Pembeni yuko mtu mmoja amefungwa kamba mikononi, kibuyu chake mbele yake. Mkubwa wao, ombasha mmoja mrefu mwenye masharubu, akawa anatutazama mmoja mmoja. Akafika kwangu.

"Mama, tumbo yako inalia kama chupa."

Kweli lilikuwa linalia. Kila nikipiga hatua, chubwi, chubwi.

"Ni marashi, bwana."

"Marashi gani?"

"Maji ya waridi."

Lo! Neno "maji" tu! Askari wanne wakasimama kwa mpigo, bunduki juu. Mmoja akaruka nyuma akakalia miiba. Nikautoa mrashi. Ombasha akanusa. Akanusa tena. Akafungua mdomo wa mrashi, akamimina kidogo kiganjani. Yakatoka majani mawili mekundu ya ua, yamenyauka.

"Hii hainuki kitu. Maji na majani. Hii dawa!"

"Ni maua, bwana! Ni waridi! Nimelichuma kwenye mti wangu nyuma ya jiko, tazama miiba ilivyonichana!"

Nikamnyooshea mikono. Wala hakuitazama.

"Vizuri," akasema. "Jinyunyizie. Mimi napiga bunduki. Risasi isipoingia, wewe mganga wa vita, nakunyonga. Ikiingia, basi wewe mkweli. Pole."

Nikapiga hesabu haraka. Mkweli ndiye aliyekuwa anakufa kwanza.

Nikapiga magoti. Kiswahili chote kikanikimbia, nikawa naomba kwa Kindengereko, na yule bwana hajui hata neno. Ndipo Mwanahawa akajitokeza, Mungu amjalie, akasimama kati yangu na zile bunduki.

"Bwana mkubwa, muache wifi yangu! Hayo ni marashi ya Maskati! Ametunyunyizia miaka yote!"

"Ya Maskati, mbona hayanuki?"

Wote wakanigeukia. Hapo nikapasuka.

"Kwa sababu ni maji ya kisima!"

"Unasemaje?" Aliyeuliza si ombasha. Ni Mwanahawa.

"Ni maji ya kisima, wifi. Marashi yenyewe natia kijiko kimoja. Halafu natupia maua yangu ili yapendeze."

"Tangu lini?"

"Tangu ile chupa ya marehemu mume wangu ilipokuwa inaelekea kuisha."

"Mumeo ana miaka minane kaburini! Kwa hiyo harusi ya mwanangu?"

"Kisima."

"Maulidi ya kwetu?"

"Kisima."

"Arobaini ya mama yangu?"

Nikainama. "Ile ilikuwa masika, wifi. Ile ilikuwa maji ya mvua."

Mwanahawa akasahau bunduki, akasahau vita, akanikwida kanga. "Muongo mkubwa we! Nami siku ile nililia, nikasema mama ananukia peponi!" Wale wanawake watatu nao wakaingia, kila mmoja na shughuli yake anayoidai. Nikawa nasukwasukwa kama chungio.

Tukasikia mtu anakohoa. Kumbe ombasha anacheka. Amekaa chini, kashika magoti, machozi yanamtoka.

"Huyu si mganga," akawaambia wenzake. "Huyu mwizi wa harufu!"

Ila hakutaka kubahatisha. Akaniamuru niunywe mrashi wote, mpaka majani. Nikanywa. (Tangu saa ile kila nikicheua natoa waridi. Ndiyo mara ya kwanza limenukia.)

Yule mtu aliyefungwa akapata ujasiri. "Bwana, na mimi basi ninyweshe ya kwangu." Amekaa pale tangu alfajiri, anasema ni maji ya safari, hakuna anayemsikiliza. Wakamnywesha kibuyu kizima mbele yetu. Ombasha, bado anajifuta macho, akamkata kamba. "Nendeni! Nendeni wote kabla sijaacha kucheka."

Hatukusubiri aache.

Yule mtu ndiye huyo mnayemwona uani anakula ubwabwa. Njia nzima kanibebea mzigo. Aliniambia, "Bibi, aibu yako imenirudisha kwa wanangu." Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, sikujiandaa kushukuriwa.

Mwanahawa yeye alinuna mwendo wa kutosha. Tulipoziona nyumba za Kibiti akanishika mkono.

"Huo mwaridi wa nyuma ya jiko," akasema, "utanikatia tawi nikapande?"

"Nitakukatia matawi matatu."

"Na kesho mrashi nashika mimi."

"Shika, wifi."

Alhamdulillahi. Nimeondoka nyumbani na heshima, nimefika na roho, na nimeridhika kabisa na bei hiyo. Haya, chekeni, nawaruhusu. Ila mgeukie ukutani.