Mfuko wa Unga Unaotoa Siri za Nyumba

Nyabiyonza, Karagwe

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika na habari za watu. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa, na ni mzee wa usharika. Nakuandikia gazetini ili jambo langu libaki siri, maana huku kwetu gazeti hufungiwa vitumbua kabla halijasomwa.

Mwezi uliopita mpwa wangu Kansiime, anayesomea kompyuta Mwanza, alikuja likizo akakuta mfuko wa unga wa mahindi jikoni. Akabandua lebo kwa kisu. Chini yake palikuwa na uzi wa kung'aa uliojikunja, na katikati kidude cheusi kama kiroboto. Akasema hiyo ni alama ya redio: mwenye chombo chake akipita karibu anajua mfuko una nini na umetoka wapi, bila kuufungua wala kuuona. Kiwandani huitumia kuhesabu mizigo. Mimi nilitafuta kigoda nikakaa.

Nieleze kwa nini. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza kibanja changu cha migomba, na mgomba wa mwisho niliukata mwenyewe huku machozi yakinitoka. Kwetu mtu mwenye heshima hula ebitoke, ndizi za kupika, mchana na jioni. Ugali ni chakula cha bwenini na mahabusu. Nasi sasa tunaula, mlango ukiwa umefungwa. Na binti yangu Natukunda ameposwa na kijana wa Kaisho, na wakwe wanakuja wiki ijayo. Wakijua tunakula ugali watasema nyumba hii imekwisha, posa itavunjika, na mwanangu atalia kwa sababu ya tumbo langu. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfuko umeandikwa uzito, virutubisho, hata ushauri wa kuuweka mahali pakavu. Haukuandikwa kwamba unasema. Mgeni wa kwangu hupiga hodi. Huyu aliingia ndani ya kikapu cha mke wangu Stephania, akapitishwa sokoni Omurushaka kichwani kwake, mbele ya kila mtu.

2. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yangu haijawahi kutoka jikoni kwenda kusimulia.

3. Nimejaribu kujihami. Kansiime alisema bati huzuia mawimbi, basi unga nikauhamishia kwenye debe lenye mfuniko. Lebo nilizifukia kibanjani. Kisha nikawaza kwamba sasa shamba zima linatangaza, nikaanza kuzifukua. Jirani aliponiona nachimba akaeneza habari kwamba nimepata madini, na kesho yake watu watatu walifika na majembe yao. Fidia ya mashimo hayo nimdai nani?

4. Je, kidude kikidondokea kwenye unga nikakimeza? Jumapili mimi ndiye ninayepitisha kikapu cha sadaka. Nitapita kati ya mabenchi tumbo likitoa ushuhuda, tena kabla ya mahubiri.

5. Kansiime anasema zipo simu zinazoweza kusoma baadhi ya alama za namna hii zikikaribia. Kwa hiyo nimeamua wakwe waache simu zao chini ya mti wa kahawa kabla ya kuingia, kwa heshima ya mila. Mila yenyewe nimeitunga juzi. Mnaona wenyewe mzee wa usharika anakofikishwa na kiwanda?

Naomba vidude hivyo viondolewe katika vyakula vyote. Kama haiwezekani, basi vifundishwe adabu: vikiulizwa nyumbani kwangu kuna nini, vijibu ndizi na maharage.

Nisalimie wapiga chapa, wasomaji wote, na mama watoto wako, hata kama hatujuani. Natukunda naye anawasalimu, ingawa hajui ninachokiandika.

Wako, nikiwa nimefunga mlango,

Jasson Rwezaura
Nyumba ya bati jekundu, juu kidogo ya kanisa

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijapanda basi, wakwe wakafika kabla ya siku yao. Stephania alitoka mbio na kikapu kutafuta mkungu. Mzee Ndyamukama, baba wa kijana, akamwita arudi, kisha akaniuliza taratibu kama upo ugali, maana Kaisho nako mnyauko umepita na wao wameshauzoea. Nilimuuliza amejuaje. Akanionyesha ng'ombe wangu uani: hakuna ganda hata moja la ndizi mbele yake, na tangu wageni waingie amekuwa akiwatazama mikono akingoja maganda. Kila aliyepita njia hii, akasema, alishajua. Kwa hiyo vidude viacheni vihesabu mizigo yao. Stephania alisonga ugali mkubwa, tukala na wakwe pale uani, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikashiba mbele za watu.