Nirudishie Ndita za Wifi Yangu

Kwa Daktari wa Sindano za Uso,
Juu ya duka la miwani.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo, hata kama nimekuzidi umri. Cheo ni cheo. Mimi ni yule msusi wa saluni ya mlango wa kijani, ng'ambo ya barabara. Shule sikukaa sana, kwa hiyo naandika kama ninavyoropoka.

Namlalamikia wifi yangu, dada wa mume wangu, uliyemchoma sindano za kuondoa ndita. Ametoka kwako laini kama sahani, hongera sana. Ila eti zinakaa miezi mitatu, hata minne! Mwenzio nitaishije?

1. Wifi ndiye msikilizaji wangu. Nikisuka, anakaa pembeni, namwaga umbea huku namwangalia paji kwenye kioo. Likikunjamana, najua umbea umekolea, naongeza chumvi. Juzi nimempa ya mwenye nyumba kufumaniwa stoo kwa jirani. Paji kimya. Nikamvalisha mwenye nyumba gauni la jirani. Kimya! Umbea mzima umeniozea mdomoni.

2. Msibani alilia machozi ya kweli, uso kama wa mtu anayesubiri lifti. Wafiwa wamenuna mpaka leo.

3. Mumewe sasa akichelewa anaingia anapiga mluzi. Wifi anafoka, yeye anaangalia paji, anaona shwari, anaomba chai. Watoto nao wamegoma kuosha vyombo. Nyumba haina serikali, Daktari, na aliyeipindua ni wewe!

Basi naomba kwa heshima umchome ya kuzifungulia. Kama hakuna, siku nyingine choma upande mmoja, wa pili utuachie familia.

Nisalimie nesi, mlinzi, na yule mama anayedeki ngazi. Huyo mwambie apite saluni, nina habari zake.

Ni mimi jirani yako mpenda amani,
Msusi wa mlango wa kijani.

N.B. Barua ilisahaulika kwenye droo ya vitana mpaka sindano zikaisha nguvu. Jana ndita zimerudi! Kwa furaha nikaianza upya ile ya mwenye nyumba, na kwa vile nilizikosa sana, safari hii nikazitazama vizuri. Daktari, ni ndita zile zile anazomkunjia mumewe akileta visingizio vya uongo. Nikaukatiza umbea katikati. Akaniambia, "Endelea tu wifi, nimeshazoea." Tafadhali mchome leo hii, na kama unazo za kukaa mwaka, mpe hizo.