Sufuri Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Fundi Mkuu anastaafu Ijumaa. Usimamizi wa karakana ni wangu, au wa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tunayemwita Bi Milimita. Mtihani wetu ni kioo cha meza ya duara. Kila mmoja apime upana wa kioo hicho, akokotoe urefu wa pete ya chuma ya kukizunguka, kisha aikate. Nimepima kwa utepe wangu mkongwe. Mita moja nukta tatu, hivi hivi. Nikaandika 1.3 kwenye programu ya hesabu. Ikanijibu 4.1. Basi! Bi Milimita akainama na rula ya chuma nusu saa nzima, akaandika 1.274, akapata 4.002. Akasifiwa mbele ya watu. Roho imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Siri nimeipata. Programu haikioni kioo. Inahesabu tarakimu ulizoandika, nayo inajibu kwa idadi hiyo hiyo. Andika mbili, inakuona mtu wa kukisia. Andika nyingi, inakuamini. Kumbe heshima ni sufuri! Nikaandika 1.3 na sufuri kumi na nane nyuma yake. Jibu likaja na tarakimu ishirini, 4.084 na mkia mrefu ajabu. Nimekata pete yangu kwa jibu hilo, kisha nikalibandika kwenye mlango wa choo, wanapopita wote. Bi Milimita akauliza hizo sufuri nilizipima kwa kifaa gani. Nikamwambia aache wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya kuvalisha pete. Yake ilibana kioo barabara. Yangu ilipita, ikateremka, ikatua sakafuni na kuzunguka viatu vyangu. Sentimita nane za ziada. Fundi Mkuu akasema kompyuta haikunidanganya, mimi ndiye niliyeidanganya: kila sufuri niliyoandika ni kiapo kwamba nimepima mpaka hapo. Nikamjibu kwamba kioo kimesinyaa. Sikubali, na sitakubali.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Milimita ndiye msimamizi. Mke wangu amempikia, mimi nimewekwa mwisho wa meza. Imeniuma kuliko nilivyoonyesha. Amri yake ya kwanza: Jumatatu nipime dirisha la ofisi, mara mbili.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimeliona. Sufuri zilikuwa chache. Jumatatu naweka arobaini. Utepe nauacha nyumbani.